Kaka Deo, Elektroni Hupita Njia Zote Mbili

Kagondo, Bukoba
Msimu wa senene

Kaka Deo,

Nimefika, lakini wewe hukunisubiri. Telegramu ilisema unaumwa, nije. Basi nikawa nawaza njiani kote nitakuletea nini, nikakununulia soksi za sufu, maana uliwahi kuniandikia kwamba miguu inakuuma kwa baridi. Niliposhuka melini asubuhi nikamwona Mama amesimama peke yake pale bandarini, khanga kichwani, mikono imelegea. Hakunipungia. Nikajua. Soksi ziko hapa mezani, nimeshindwa kuzitoa kwenye karatasi yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoandikiana miaka yote. Kihaya chetu kilikuwa cha kuongea, kutaniana na kulia. Kulia nimelia, kaka. Nimelia mpaka Mama akaniletea maji ya kunawa kama mtoto. Sasa nataka nizungumze na wewe kwa utulivu, na naona nimeshaanza vibaya.

Wamekulaza nyuma ya jiko, kati ya ile migomba uliyoipanda mwenyewe uliporudi kutoka vitani. Udongo bado mwekundu. Kuku wa jirani anakuja kuparura pale, na Mama anamfukuza kwa fimbo huku akimtukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Baiskeli yako ameichukua Baba Mdogo. Redio imenyamaza, betri zimekwisha na hakuna anayetaka kununua nyingine. Mashati yako bado yapo kwenye msumari. Mkanda wako nimeuona, una matundu mapya matatu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, kila moja ndani zaidi ya jingine. Nilikaa nao mkononi nikashindwa kuinuka.

Njia ya kuja hapa kutoka mjini siijui tena. Pale Bakoba mafundi waliokuwa wanatengeneza vitanda na milango sasa wanatengeneza majeneza, wameyapanga kando ya barabara, makubwa kwa madogo, na watu wanapita wakiangalia upande mwingine. Kila nyumba ina udongo mwekundu nyuma ya jiko. Ukiuliza alikufa na nini, unaambiwa homa. Unaambiwa kifua. Unaambiwa alirogwa visiwani kwa sababu ya samaki. Ni ugonjwa mmoja, kaka, wenye majina hamsini ya uongo.

Mkeo Theo ameniambia barua yangu ya mwisho ilifika ukiwa huwezi tena kukaa. Uliniandikia kwamba watu wa mwaloni, pale mnaposhusha samaki, wanataka kujua dada yako anasomea nini huko Ulaya, nawe unawajibu "waya," nao wanacheka, waya gani huo usioisha? Nikakuandikia kurasa nne, habari za pete ya waya na elektroni moja inayopita njia zake zote mbili. Theo anasema alikusomea zote, ukacheka ukakohoa, ukasema, "Koku anatupiga fiksi." Halafu ukafumba macho, akadhani umelala, kumbe unafikiri. Ukamwambia: "Mwulize. Sisi wakati wa vita tuligawanyika, wawili huku, wawili kule. Elektroni yake ni moja. Moja inagawanyikaje?"

Swali zuri hilo. Wenzangu maabara wenye digrii mbili mbili hawajawahi kuniuliza hivyo. Uliuliza ukiwa kitandani, na jibu halikufika. Ngoja nikujibu.

Kwanza pete yenyewe. Si pete ya kuvaa. Ni waya wa dhahabu uliozungushwa duara, mdogo kiasi kwamba nyingi zingejipanga kwenye unene wa unywele wako mmoja na nafasi ikabaki. Huwezi kuishika, huwezi kuiona kwa macho. Unachukua kibamba cha silikoni, unakipaka utando mwembamba, unachora pete juu yake kwa mwale wa elektroni, unaosha palipochorwa, unapitisha mvuke wa dhahabu, unaosha tena. Kinachobaki ndiyo pete, ikiwa una bahati. Mara nyingi sina. Umeme kidogo tu wa kwenye ncha ya kidole changu, ule unaopata ukivua sweta, unatosha kuiunguza kazi ya mwezi mzima. Nimeua pete nyingi kwa sweta, Deo. Ungenicheka.

Pete hiyo ina waya unaoingia upande mmoja na waya unaotoka upande wa pili. Umeme ukija unakuta njia imechanua, kushoto na kulia, na mbele kule njia zinakutana tena. Wewe na mimi tungesema elektroni hii imepita kushoto, ile imepita kulia. Hapana. Kila moja, peke yake, inapita kote kuwili. Haigawanyiki. Hilo ndilo jibu lako. Inapita kama wimbi, na wimbi halichagui. Ukitupa jiwe ziwani karibu na mwamba, wimbi linauzunguka mwamba pande zote mbili, na bado ni wimbi la jiwe moja. Nyuma ya mwamba likikutana lenyewe, pengine kilele kinapanda juu ya kilele, maji yanainuka zaidi. Pengine kilele kinaingia kwenye bonde, na maji yanatulia kimya kana kwamba hakuna aliyetupa kitu. Ndivyo na umeme katika pete. Pande mbili za wimbi zikikutana vizuri, mkondo unapita kwa urahisi. Zikikutana vibaya, zinafutana, mkondo unapungua.

Sasa kuna jambo ambalo wewe ungesema ni fiksi kabisa. Tunaweka sumaku, nguvu yake ipite katikati ya lile tundu la pete. Tukiiongeza polepole, mkondo unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, kwa mpango, bila kuchoka. Na hesabu zinasema hata sumaku ingefungiwa yote ndani ya tundu, elektroni isiiguse hata kidogo, bado ingebadilika. Kitu kipo katikati. Hukigusi, hukikanyagi, unakizunguka tu kwa mbali. Nacho kinaamua utafikaje upande wa pili.

Siku kalamu ya mashine ilipoanza kuchora ile panda shuka kwenye karatasi, nilisahau kupumua. Mwalimu wangu, mzee mmoja mkimya asiyejua kusifia mtu, aliangalia akasema neno moja tu, "Rudia." Nikarudia. Ikawa vilevile. Nikatoka nje kwenye theluji bila koti, nikitafuta mtu wa kumwambia, na mtu niliyemtaka alikuwa wewe. Nilisema kwa sauti, peke yangu kama kichaa, "Deo waitu, kaka yangu, imejibu!" Wapita njia wakaniangalia. Sijui siku hiyo ulikuwaje. Nimemuuliza Theo kama bado ulikuwa unaweza kumeza, naye anasema siku zote zimemchanganyikia zimekuwa moja.

Unakumbuka ile siku ya kugawanyika? Mji umejaa hofu, ndege zimepita juu, watu wanaelekea Muleba kwa miguu na magodoro vichwani. Tulipofika pale njia inapokizunguka kilima, marehemu Baba akasema tusiende wote pamoja, wakilipua upande mmoja, wa upande wa pili watabaki na jina. Yeye na Mama wakapita kulia, mimi na wewe kushoto. Nyumba nzima tumeiacha, na wewe umebeba pasi ya mkaa. Nilikuuliza kwa nini pasi, kwa nini si sufuria, ukanijibu huwezi kuwa mkimbizi mwenye makunyanzi. Ulinishika mkono njia yote, kaka. Ulikuwa na mkono mkavu na wa moto, hukuniachia hata tulipopita kwenye matope. Kule mbele Baba alituhesabu kwa kidole, watoto wawili tu lakini alituhesabu, na Mama alipoiona pasi akacheka mpaka akakaa chini.

Sikujua kwamba huo ndio ungekuwa mwisho wa wewe kuwa mtoto. Baada ya hapo ulikwenda vitani, ukarudi, hukusimulia. Ukaenda visiwani kwenye samaki, ukawa unakuja na pesa na vicheko na mashati ya maua. Ukamwoa Theo wa Ngenge, mkapata Kemi. Ningependa nikuandikie kwamba hayo yote yako salama. Hayako salama, na ndiyo maana hasa ya barua hii.

Siku za matanga zilipokwisha, ukoo ulikaa. Unawajua. Wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka, kahawa ya kutafuna inazungushwa kwenye kisahani. Theo amekaa karibu na mlango, Kemi mapajani, amelala. Baba Mdogo akaanza na kibanja, shamba la migomba la nyumba. Akaja kwenye miti ya kahawa, akaja kwenye uzio, akaja kwenye baiskeli, ambayo alikuwa ameshaichukua. Wakazunguka, wakazunguka. Katika chumba kile, Deo, hapakuwa na mtu ambaye hajazika mtoto au ndugu mwaka huu, na kila mmoja alijua amemzika kwa ugonjwa gani. Lakini walilizunguka jambo lenyewe bila kuligusa, na kila neno walilosema lilikuwa limepindwa nalo.

Mwishowe Baba Mdogo akasema uliacha mtoto wa kike tu, kwa hiyo mrithi ni mwanawe yeye wa kiume, na mtoto ni wa ukoo atabaki. Mjane arudi kwao Ngenge. Kisha akauliza, hakumtazama Theo, alitazama kisahani cha kahawa: "Tujue basi. Hiki kitu kiliingia nyumba hii kwa njia ipi?" Shangazi mmoja kule nyuma akasema, "Si mnajua mwanamke alikotoka." Theo akamfunika Kemi masikio, na mtoto amelala.

Nikasimama. Mimi ndiye shangazi wa mtoto, walilazimika kuniacha niseme. Nikasema neno lenyewe, nikasema, "Deo amekufa kwa UKIMWI." Mama akajifunika uso. Nilisema na Theo anaumwa pia, nanyi mnaliona hilo kama ninavyoliona mimi, na mnamtoa ili asije akafia hapa. Nilisema mkianza kuuliza njia ipi, mtapekua vita, mtapekua visiwa, mtapekua Ngenge, hamtapata kitu ila mtu wa kumchukia. Habari za elektroni sikuwaambia, wangenifunga kamba.

Lakini wewe nakwambia. Kule maabara, tunapoza pete kwa gesi ya heli iliyogeuzwa majimaji, baridi ambayo huwezi kuiwaza, kwa sababu moja tu. Kukiwa na joto, vijichembe vya dhahabu vinacheza, elektroni inavigonga inapopita, inaacha alama. Na kikibaki kitu chochote, hata kidogo kiasi gani, kinachoweza kusema "imepita huku," basi ile panda shuka inafutika. Hakuna tena kupita njia zote mbili. Linabaki jambo la kawaida lisilo na uzuri wowote. Nimeishi na hilo miaka mitatu, naliona kila siku kwenye karatasi ya mashine, na nikiwa nimesimama mbele ya wale wazee niliona wanavyoliuliza lile swali na wanavyowabomoa wewe na mkeo mliokuwa kitu kimoja.

Ila mimi ni mwanafizikia, sitakudanganya kaburini. Watu si elektroni. Ugonjwa ulipita njia moja. Mmoja wenu alimpa mwenzake, hilo ni kweli, na kama wewe ndiye, basi ni wewe niliyekupenda kuliko watu wote. Nimeliwaza usiku na mchana. Nimekukasirikia, nimemkasirikia Theo, halafu tena wewe. Nimechoka. Sitaki kujua. Hakuna chochote ambacho nitampunguzia yeyote kati yenu nikijua.

Baba Mdogo alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. "Koku, mwana wange, umesoma sana. Umetutukana mbele ya marehemu." Kesho yake Theo akaondoka. Alibeba kitanda? Hapana. Sufuria? Hapana. Kitenge kimoja na ile picha yenu ya harusi. Alipofika kwenye uzio alirudi kunikumbatia, nikasikia mbavu zake kwenye mikono yangu. Akaniambia, "Wifi, Kemi halali bila kushika sikio la mtu."

Tangu hapo mwanao anashika sikio langu kila usiku, na kila usiku anagundua si lenyewe. Analiachia, analishika tena, analia bila sauti. Ndizi hali. Senene tumemkaangia, hali. Anakaa mlangoni anaangalia barabara, na mtu akipita amevaa kitenge anasimama. Mama yake anakohoa huko Ngenge, muda alionao sijui ni miezi mingapi, na miezi hiyo wanakaa mbalimbali. Haiwezekani, Deo. Mimi nimekosa siku zako za mwisho kwa sababu ya bahari na mlima wa pesa za ndege. Hawa wanatenganishwa na mwendo wa asubuhi moja.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya wiki hii. Mashine ile tunaitumia kwa zamu. Nisiporudi, pete yangu, ile iliyojibu, itatolewa kwenye baridi na zamu itapewa mwingine, na pete ikishapata joto mara nyingi haiamki tena. Mama aliniambia, "Genda, mwana wange. Nenda. Angalau mmoja wenu awe mahali." Alisema hivyo akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Nimewaza, nikakumbuka jambo ambalo wazee wetu wenyewe wanalijua na hawawezi kulikana. Binti harithi kibanja. Sawa. Lakini binti asiye na mume, akirudi nyumbani kwa baba yake, ana haki ya kukaa na kula humo maisha yake yote. Hawezi kuuza hata mgomba mmoja, ila hakuna wa kumtoa. Na mgeni wa binti wa nyumba hafukuzwi, maana kumfukuza ni kumfukuza binti mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa Baba Mdogo. Nilimkuta anasafisha baiskeli yako. Nikapiga magoti, nikamsalimu vizuri kama tulivyofundishwa, nikasema, "Baba Mdogo, nimerudi nyumbani." Akasema najua umerudi. Nikasema, "Hapana. Nimerudi kukaa." Akaacha kupangusa baiskeli. Akauliza, na masomo? Nikasema yatabaki huko. Akauliza, na mume? Nikasema hayupo na simtafuti. Basi akaelewa. Niliona uso wake unavyoelewa, polepole. Akaendelea kupangusa usukani, kisha akasema, "Nyumba ya baba yako ni yako kukaa." Na nilipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Wageni wako ni shauri lako." Ana watoto wawili wanaoumwa, Deo. Nadhani alitaka mtu ampe njia ya kusema hivyo.

Nimemwandikia mwalimu wangu. Nimemwambia zamu ampe mwenzangu, na vipimo vyangu vyote avitumie. Niliandika kwa mkono ulionyooka, nikafunga bahasha, kisha nikatoka nje nyuma ya jiko nikakulilia wewe na kuililia ile pete kwa pamoja, sikuweza kutofautisha. Nilikuwa nayo kazi niliyoipenda. Usidhani sijali. Nitaomba kufundisha hapa mjini, kama kuna shule itakayonitaka, na mawimbi nitayafundishia ziwani kwa mawe.

Najua ninachokirudisha nyumbani. Namrudisha mtu ambaye nitamwosha, nitamlisha, nitamtobolea mkanda. Mama anajua pia, ameshaanika godoro. Nakuahidi Theo hatafia kwenye mkeka wa watu wanaomwonea aibu. Atakapomaliza safari yake, atalala hapo ulipo wewe, nitachimba mwenyewe wakikataa. Na Kemi nitamlea mimi, atasoma, na wakimwuliza wazazi wake walikufaje atautaja ugonjwa kwa jina lake halisi.

Lori la ndizi linalokwenda upande wa Muleba limeshapiga honi barabarani. Kemi amevaa viatu mwenyewe, kushoto kuwa kulia, na amekataa nivibadilishe. Amesimama uani ananiita.

Pumzika, kaka yangu. Naenda Ngenge kumchukua mkeo.

Dada yako,
Koku